Ombi la Alama Moja Juu ya Mia

Ujjain, Jumanne

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, Bi. Malti Vyas,

Kwa heshima zote nalalamika: binti yangu Ketaki amepata mia kwa mia katika hesabu. Naomba apewe mia na moja.

1. Mia inaishia na sifuri, na sifuri ni mkosi. Wewe mwenyewe, kwenye harusi ya dada yangu, ulitia rupia mia tano na moja katika bahasha, kukwepa mkosi huohuo. Bwana harusi aongezewe moja, halafu mtoto aliyejifungia na vitabu mwaka mzima anyimwe?

2. Mwalimu wake, Bwana Trivedi, aliwafundisha kwamba namba hazina mwisho. Taja yoyote, ipo nyingine mbele yake. Nilipomfuata akaniambia, "Mzee Bansidhar, mia ndiyo mwisho." Mwisho upi tena? Au ni namba za Ketaki tu zilizojengewa ukuta?

3. Alifundisha pia kwamba kisicho na mwisho, hata ukikiongezea moja, hakizidi. Mkiona taabu kuongeza moja, basi mpeni alama zisizo na mwisho kabisa, tumalizane.

4. Mama yangu, mwenye miaka themanini na tisa, hawezi kumruhusu mjukuu wake kwenda chuo cha hesabu mjini Pune na cheti chenye mkosi. Treni ni Jumatatu. Bila hiyo moja Ketaki haendi, na lawama ni zenu.

5. Bwana Trivedi alinicheka mbele ya muuza vitamu vya jalebi: "Basi tupunguze moja, mzee, apate tisini na tisa?" Chai ilinipalia.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa geti, na hata Bwana Trivedi, ila salamu zake yeye zisizidi mia.

Wako mtiifu,
Bansidhar Dube, baba wa Ketaki

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Ketaki amemsomea bibi yake. Mama ameacha kuchambua dengu, akasema, "We Bansi, mimi nilishamwambia aende tangu sikukuu ya Holi. Anayeogopa sifuri ni wewe." Ni kweli, Bi. Malti. Nina mtoto mmoja. Nimetoa mmoja nikaona kinachobaki, na siku za baada ya Jumatatu nimezihesabu sikuona mwisho wake. Mia ibaki mia. Barua hii anakuletea Ketaki mwenyewe, pamoja na fomu ya ruhusa ya kwenda Pune. Nimeshaitia sahihi.