Wimbo Usio na Kiitikio

Alhamisi asubuhi redio ya Kasongo ilitangaza kwamba Kamaldine, mwimbaji wa harusi, amerudi kutoka Wamaza. Miezi minne alijifungia huko peke yake akitunga wimbo wa harusi ya Soraya, Jumamosi hii. Kwenye benchi langu la kahawa, habari hiyo ilitosha kupoza vikombe.

"Miezi mine!" Iliasi alishangaa. Anaendesha pikipiki, tunamwita Turbo. "Hata mu gereza wageni wanaingia."

"Sanaa inataka kimya," akasema Albertine, muuza samaki. Yeye ni Mama Depeshi, habari zote hupita kwake kwanza. "Wewe mawazo yako inaishia mu tanki."

Kamaldine mwenyewe akatokea na miwani myeusi, bila salamu. Siku hizi anataka aitwe Maestro.

"Makelele ya watu inaharibu kazi," akasema.

"Ndiyo, yaya," akajibu Turbo, kama anayemheshimu kaka mkubwa. "Na harusi tufanye bila watu?"

"Imba basi," nikamwambia. "Mama ya Soraya amesema, wanawake wakibaki kuketi, anaita mwimbaji mwingine, Magloire wa Kabambare."

Akaimba. Mama Depeshi akafungua kinywa kuitikia, kama wanawake wa hapa wafanyavyo kila harusi. Maestro alikuwa ameshaingia mstari wa pili. Mama Depeshi akafunga kinywa. Akafungua tena, Maestro yuko mstari wa tatu. Mikono ya Turbo ilibaki hewani, haina pahali pa kupiga kofi.

"Baba, sisi tunaitikia wapi?" akauliza Mama Depeshi.

Maestro akavua miwani. "Kule hakukuwa mutu wa kuitikia. Nilikuwa na mbuzi moja tu, na yeye alinyamaza."

"Mbuzi iko na heshima," akasema Turbo.

"Ninarudi Wamaza kuitengeneza. Siku mbili tu. Turbo, washa pikipiki!"

Turbo akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Barabara imekatika."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu sasa hivi."

Nikamvuta Maestro akae katikati yetu. "Mustari moja. Halafu ufunge kinywa."

"Soraya, maua ya Lualaba..." akaimba, kisha akabana midomo kama anayemeza dawa chungu.

"Wifi, funga macho, leo utachoka kutazama!" akaitikia Mama Depeshi. Wanawake wauza samaki ng'ambo ya njia wakainuka, wakaacha meza zao, wakapokea kwa makofi na vigelegele. Turbo naye akakata kiuno.

"Hiyo haiko mu wimbo yangu!" akalia Maestro.

"Ndiyo maana wamesimama," nikamjibu.