Ongeza Saa Moja

Jumatatu, 27 Oktoba

Ukungu. Kuvu la ukuta wa jikoni limepanda hadi kwenye saa. Saa yenyewe niliirudisha nyuma saa moja juzi usiku, kama nchi nzima ifanyavyo kiangazi kikiisha, na sasa giza linaingia saa kumi na moja. Upande wetu wa mfereji una madirisha arobaini. Yenye taa ni manne. Moja ni langu, jingine la Bortolo Busetto, kwa bahati mbaya.

Binti yangu Loredana kapiga simu. Jumapili ni Siku ya Marehemu. Tukutane saa nne kamili kwenye lango la kisiwa cha makaburi, tumpelekee mama yake maua, kisha tuzungumze habari ya mimi kuhamia Mestre. Mestre! Nchi kavu, ghorofa ya tano, lifti. Alisema mzee wa miaka sabini na moja hawezi kukaa peke yake katika nyumba inayolowa, hana hata kazi ya kumtoa nje. Nikamwambia kazi ninayo. Akauliza kazi gani. Nikasema ataiona Jumapili.

Sasa lazima niitafute.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeipata. Wageni wa Venisi wamechoka kusongamana uwanjani na njiwa, wanatafuta mitaa yenye utulivu. Mtaa wetu hauna kitu kingine! Nitawazungusha kwa boti yangu. Haijaguswa tangu mke wangu Ines alipofariki, Julai, miaka mitatu iliyopita. Panya alikuwa amezaa ndani ya koti la mvua la Ines. Nililia kidogo, kisha nikamfukuza panya.

Bortolo alichungulia dirishani nikiipigilia misumari, akaniuliza kama najichongea jeneza. Nikamwambia ashughulike na ndege wake, kanari.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilibandika tangazo kituo cha boti za abiria. Bortolo amelisoma kwa sauti mbele ya baa nzima, akauliza kama wageni wataruhusiwa kumgusa mzee wa kale. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Lakini nimepata wateja! Mume na mke kutoka Bergamo, Jumapili saa mbili asubuhi. Nitawazungusha, niwashushe gatini, nivuke hadi makaburini. Loredana ataniona nikifika kwa boti yangu, mtu wa kazi. Mestre kwaheri.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeitazama kalenda ya maji jikoni. Mfereji wa nyuma una madaraja mawili ya chini sana. Maji yakijaa, boti haipiti. Kalenda inasema maji yanajaa saa nne. Juu yake kuna karatasi ya Ines, kwa mwandiko wake: Ongeza saa moja. Basi saa tano. Nafasi tele. Ines alikuwa makini sana na maji.

Jumapili, 2 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliingia mfereji wa nyuma saa mbili na nusu. Saa tatu daraja la mbele lilikuwa usawa wa pua zetu. Nikageuza boti. La nyuma vilevile. Kuta pande zote, hakuna ngazi. Yule mama wa Bergamo akauliza kama hii nayo ni sehemu ya matembezi. Nikasema ndiyo. Walitaka utulivu, wakaupata hadi saa saba.

Bortolo alipita juu ya daraja, suti nyeusi, maua mkononi. Akainama.

"Gildo, wewe mzee umeongeza saa?"

Akasema kalenda huchapwa kwa saa za majira ya baridi, huongezewa saa kiangazi tu, na saa tumesharudisha nyuma; ndiyo maana Ines alikuwa akiibandua ile karatasi kila Oktoba, mtaa mzima unajua. Nikamwambia kalenda imechapwa vibaya.

"Haya. Loredana nimwambieje?"

"Mwambie niko kazini."

Kengele za saa nne zikalia. Kila mwaka nimekuwa pale saa hiyo. Nilijisikia vibaya sana.

Nilifika makaburini saa nane. Loredana alikwisha ondoka. Kaburini palikuwa na maua yake na maua ya Bortolo. Yangu yalibaki botini. Yule mama aliyakalia.

Jumanne, 11 Novemba

Mestre. Ukuta mkavu. Siupendi.

Bortolo kanitumia biskuti ya sikukuu ya leo, ya Mtakatifu Martino, ile ya umbo la farasi. Miguu imevunjika njiani. Nimemkumbuka yule mtu, wala sitamwambia.

Leo nimegundua jambo dirishani. Nyuma ya supamaketi kuna mfereji. Maji ya kijivu, hakuna mtu, kimya kabisa. Daraja moja tu, la chini. Nimempigia Bortolo aniletee boti. Amecheka muda mrefu, kisha akasema ataileta kesho.

Kalenda nimeitundika kando ya friji. Loredana alitaka kuibandua karatasi ya mama yake, nikamkatalia. Huo ni mwandiko wa Ines. Kesho kutwa maji yanajaa saa sita.

Yaani saa saba.