Kurasa Arobaini na Tatu za "Nisome Kwanza"

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo katangaza: kila kifurushi cha programu tunachotoa kiwe na README, lile faili la "nisome kwanza", na zote zifuate mwongozo mmoja. Anayetaka aandike mwongozo na README moja ya mfano. Atakayeshinda atasimamia nyaraka zote. Msimamizi! Mimi! Mpinzani ni mmoja tu, Bi Nukta, jirani yangu wa meza, mtu asiyesema neno la ziada hata akikanyagwa. Mbinu: niandike mwongozo mrefu mpaka waogope kuukataa.

Jumanne, 4 Machi
Mwongozo: kurasa arobaini na tatu. README ya mfano: kumi na tisa. Nimechungulia kwa Bi Nukta. Nusu ukurasa! Masikini. Akaniuliza kwa upole kama nimeeleza jinsi ya kusakinisha, yaani kukiweka kifurushi kwenye kompyuta. Nikamjibu ipo, sura ya tisa. Haikuwepo. Nimeichomeka baada ya chai.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu anataka README zetu zijaribiwe na mtu asiyejua programu. Nikampendekeza mama yangu, mkunga mstaafu. Mama atamwangusha mwanawe? Kaja na miwani yake na kitambaa cha kuifutia. Kaanza na yangu. Ukurasa wa sita, kalala. Mbele ya ofisi nzima! Alipoamka akapewa ya Bi Nukta: hiki ni nini, kinafanya nini, kisakinishe hivi, mfano huu hapa. Dakika kumi, kifurushi kinafanya kazi, Mama anapiga makofi. Nikamnong'oneza kwamba kwenye yangu hajafika hata kwenye historia ya programu. Akanijibu, na wote wakasikia: "Mwanangu, mjamzito akija na uchungu, humpi historia ya hospitali."
Nimerudi nyumbani peke yangu, kwa miguu.

Alhamisi, 6 Machi
Sikwenda kazini. Nilisema tumbo. Jioni Mama kagonga mlango wa chumba changu, ule mwongozo kwapani. Kausoma wote tangu asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, na penseli! Sijui mwingine aliyewahi kunisoma mpaka mwisho. Kasema mengi ni maji tu. Lakini ukurasa wa thelathini na moja kaupigia mstari, pale nilipoandika: "Ukikwama, kosa si lako, ni letu. Tupigie." Kasema angekuwa na karatasi yenye maneno hayo miaka yake ya kwanza wodini, asingelia chooni. Sikujua kama Mama aliwahi kulia chooni. Kanikatia papai.

Ijumaa, 7 Machi
Kashinda Bi Nukta. Nilijikaza kiume, nikampa mkono. Yeye akaniomba ile sentensi ya ukurasa wa thelathini na moja. Kumbe Mama alishampigia simu. Sasa ndiyo inayofunga mwongozo wa kampuni, na chini yake namba yangu. Watu watatu wamepiga tayari. Mmoja alikuwa anakaribia kulia. Nilikaa naye kwenye simu mpaka kifurushi kikakubali.
Nimerudi na furaha kama mwenda harusini. Mama kanikumbatia, kaniambia sentensi moja imenitosha.
Kweli kabisa. Ila sentensi nzito hivyo haiwezi kuachwa bila maelezo. Nimeanza kuandika mwongozo wa namna ya kuisoma. Utangulizi umefika ukurasa wa kumi na mbili, na Bi Nukta hajui lolote!