Flanji Zisizoshika Kutu

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa stoo anastaafu. Atakayerithi kiti atafanya kazi asubuhi tu! Mimi na zamu yangu ya jioni, kila siku namkuta mwanangu kalala. Jana kamwita mama mkwe "mama". Nikacheka. Moyoni kisu. Kiti lazima kiwe changu. Kikwazo: mwenzangu, Bi Kiranja, anayepanga hata misumari kwa urefu.

Jumanne, 4 Juni
Meneja anakagua Alhamisi. Nina wazo! Zipo flanji za nikeli, yale masahani mazito ya kuungia mabomba ya asidi. Ghali kuliko ukoo wangu mzima. Hazishiki kutu abadani, ila zimefifia. Nitazing'arisha. Bi Kiranja kaniambia, shoga, hizo usiziguse kabisa. Wivu huo!

Jumatano, 5 Juni
Nimezisugua zote kwa brashi ya waya wa chuma. Nikazimwagia maji, zikauke zenyewe. Zinang'aa kama sufuria za bi harusi! Mikono hoi, hata kumfunga mtoto nepi nashindwa. Vumilia, baba, mama anakutafutia asubuhi.

Alhamisi, 6 Juni
Kutu! Flanji zote madoadoa, kama mtoto mwenye surua. Sikutetereka. Nikamwambia meneja, tena mbele za watu, kwamba tumeuziwa feki. Akampigia muuzaji, akamfokea mpaka mishipa ikamtoka. Ndipo Bi Kiranja akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, nani kazisugua kwa chuma. Kumbe nikeli haina kosa. Unga wa chuma wa brashi ndio umenasa juu yake, na ndio ulioota kutu. Meneja akapiga simu tena. Kuomba radhi. Macho yote kwangu. Nikajifanya natafuta ufagio.

Ijumaa, 7 Juni
Kiti kapewa Bi Kiranja. Nimelia chooni, nikanawa uso. Akaniita. Akasema, mdogo wangu, zamu sasa napanga mimi. Kuanzia Jumatatu njoo asubuhi, mtoto anamtaka mama yake, jioni nitashika mwenyewe. Nikamshukuru kwa adabu zote.
Njiani nikawaza. Nani hutoa asubuhi zake bure? Ananiogopa huyo! Nikikaza kidogo tu, kiti hiki hapa. Tena nimeshaona pa kuanzia: ile mistari ya rangi aliyopaka kwenye mabomba, nyekundu ya asidi, bluu ya maji, imechakaa, inatia aibu. Jumatatu naifuta yote kabla hajafika.