Sharti la Kumi na Nne

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Barua nyingine kutoka kwa Derek. Hakuiacha kwenye sanduku. Ameibandika mlangoni kwa gundi, mtaa mzima uione! Derek ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa nyumba zetu hizi za Scarborough, hapa Kanada, na sidhani ana kazi nyingine duniani. Anasema ameona mabomba ya alumini yakiingizwa gereji kwangu, na angependa kunikumbusha sharti la kumi na nne la hati ya nyumba.

Nimelitafuta. Lipo. Mwenye nyumba hataweka nje mlingoti, mnara, antena, kamba ya kuanikia nguo wala banda la kuku. Chini ya ukurasa kuna saini yangu, nzuri sana, yenye mkia.

Siku ile ya kununua nyumba, aliyesoma ni Kerubo. Mimi nilikuwa dirishani naangalia paa, napima kwa macho. Sasa ni mwaka wa pili tangu nimzike mke wangu, na sina wa kumwuliza kama aliliona.

Mlingoti wa antena uko gereji, vipande vinne. Ukiungwa, mita kumi na mbili. Leseni ya kuongea na watu kwa redio ninayo. Nilikuwa fundi wa simu Kisii miaka thelathini. Nishindwe na karatasi?

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimempigia simu wakili Sabika. Ofisi yake iko Thornhill lakini amezaliwa Arusha, kwa hiyo nilijua tutaelewana. Hatukuelewana. Nilimwambia leseni yangu imetoka serikalini, na serikali ni kubwa kuliko Derek.

“Mzee Nyakundi,” akasema, “leseni inakuruhusu kuongea hewani. Haifuti ahadi uliyowapa majirani.”

Nikauliza ahadi hiyo inaisha lini. Haiishi. Imeshikamana na ardhi. Hata nikifa, itamngoja atakayenunua nyumba. Yaani sharti la kumi na nne litaishi kuliko mimi!

Alinishauri niiandikie kamati, niombe ruhusa kwa adabu, kabla ya mkutano wa Novemba. Kuomba! Nimemshukuru, nikakata simu, nikasoma hati upya mstari kwa mstari. Na nimeona dhahabu. Sharti la kumi na tano linaruhusu nguzo ya bendera.

Jumanne, 7 Oktoba

Nguzo imesimama saa tatu asubuhi! Vipande viwili tu vya mlingoti, mimi si mtu wa kuzidisha. Juu, bendera ya Kanada kubwa kama shuka. Waya umepita ndani ya bomba, umetokea chini, umeingia dirisha la chumba cha kulia.

Derek alitoka akavua kofia. Nikajua nimemmaliza. Akasema amefurahi kuona mtu anayeipenda nchi kiasi hiki. Kisha akauliza bendera inataka waya wa nini. Nikasema wa taa. Akauliza taa iko wapi. Nikasema iko njiani. Akainama, akavaa miwani, akausoma waya. Kumbe umeandikwa! Kiwanda kimechapa neno “antena” kila baada ya hatua moja, mwanzo hadi mwisho.

Nimeshusha kila kitu kabla ya jioni. Kukunja bendera kubwa ni kazi ya watu wawili. Nimejaribu mara nne, mwishowe nimeiviringisha kama chapati nikaitupa kwenye kochi.

Jumatano, 8 Oktoba

Michelle, binti yangu, amepiga simu kutoka Calgary. Mimi huongea Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, tumeshazoea. Hataweza kuja Siku ya Shukrani, sikukuu ya hapa, Jumatatu ijayo. Ni muuguzi, amepangiwa zamu. Nikasema afadhali, maana hata mimi nina shughuli chungu nzima. Akauliza shughuli gani. Nikamweleza habari za mlingoti. Akasema, Baba, kuna WhatsApp.

Hawaelewi hawa. Ukitaka kupiga simu lazima ujue unampigia nani. Nina majina mia mbili na kumi na moja kwenye simu yangu. Leo nimeyapitia yote. Wa kwanza ni Abuga, ameshafariki. Wa mwisho ni Zeenat, wa mapokezi kwa daktari wa meno. Hewani huhitaji jina la mtu. Unasema tu: yeyote anayenisikia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata! Sharti linasema “nje”. Halisemi darini!

Asubuhi yote nimetambaa kwenye vumbi nikitandaza waya chini ya paa. Nikawasha redio. Mvumo mtupu, kama uji unaotokota. Nikaangalia vizuri. Lile blanketi la kuzuia baridi walilolitandaza mafundi huko juu lina karatasi ya alumini. Nimefunga antena yangu ndani ya sufuria yenye kifuniko, mawimbi hayapiti.

Nikageuka kwa hasira, nikakanyaga pasipo na boriti. Mguu ukapita! Robo saa nzima nilikaa hivyo, nusu darini, nusu chumbani, mguu ukining'inia juu ya kitanda, upande wa Kerubo. Kiatu kilidondoka kwenye mto wake. Nikaita, sijui nilikuwa namwita nani. Nikajichomoa mwenyewe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kila Jumamosi Derek huondoka saa nne asubuhi na kurudi mchana. Huenda wapi, sijui, wala si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha mlingoti mzima kwenye ua wa nyuma, kuongea, na kuushusha kabla hajarudi. Saa tano kasoro ulikuwa juu, umefungwa kwa kamba za nailoni. Mita kumi na mbili! Nilisimama chini yake nikamtafuta mtu wa kumwonyesha.

Saa tano ya hapa, nyumbani ni saa kumi na mbili jioni. Nikaita dakika ishirini. Mara sauti, nyembamba lakini safi. Mtu wa Nakuru. Kwa Kiswahili!

“Nakupata vizuri, mzee! Habari za huko?”

Karibu miaka miwili nangoja kuulizwa hivyo. Nikabonyeza kitufe. Nikasema joto nyuzi tisa, mawingu, na kwamba nampata tano kwa tisa, yaani safi kabisa.

“Na nyumbani hawajambo?”

Nikabonyeza tena. Nikasema upepo unatoka magharibi.

Na kweli ulikuwa unatoka magharibi. Kupitia dirisha niliona mlingoti ukiinama, polepole, kwa heshima zote, mpaka ukalala juu ya uzio wa Derek. Redio ikafa. Nikatoka mbio. Upande wa pili wa uzio alisimama Derek mwenyewe, amerudi mapema, koti bado mwilini.

Akasema spika ya jikoni kwake imekuwa ikipiga kelele kwa lugha asiyoijua. Kumbe imenasa mawimbi yangu! Akauliza nilikuwa namwita nani. Nikasema, yeyote. Akasema mbao tatu za uzio zimevunjika, akaingia ndani. Mtu baridi sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya Shukrani. Saa nane mchana Derek akagonga mlango. Nikajua ni mashtaka, nikavaa tai kwanza. Kumbe amechoma bata mzinga, na ni mkubwa mno kwa mtu mmoja. Mtego! Lakini nyumbani nilikuwa na mkate na mayai mawili. Nikaenda.

Meza ilikuwa imeandaliwa kwa wawili. Alinieleza habari za mkewe, Ellen. Yuko kwenye nyumba ya wazee wagonjwa, mwaka wa tatu sasa. Kila Jumamosi humpelekea biskuti. Jumamosi iliyopita Ellen hakumtambua, akadhani ni mwizi, akapiga kelele mpaka wakamwomba Derek aondoke. Ndiyo maana alirudi mapema. Alikaa jikoni bila kuvua koti, na spika ikaanza kuongea. Alisema hakuelewa hata neno, lakini alikaa akasikiliza mpaka mwisho. Alisema nikiandika barua ya kuomba, yeye mwenyewe atanitetea mbele ya kamati. Kisha akaniuliza kama ni vigumu mtu wa umri wake kujifunza redio.

Nadhani aliuliza hivyo. Nilikuwa nimekaa kuelekea dirishani. Nyuma yake, kwenye bustani yake, kuna msonobari. Mita kumi na nane, haupungui! Nimeupita kila siku miaka minne bila kuuona. Nikamwuliza mti ule una miaka mingapi. Akajipangusa macho kwa kitambaa cha meza. Akasema aliupanda Ellen.

Mti mzuri mno. Umenyooka.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimelisoma sharti la kumi na nne mara tatu. Linataja mwenye nyumba na nyumba yake. Mti wa jirani haumo! Barua za kuomba waandike wasio na akili.

Nimenunua mita mia za waya mwembamba wa kijani. Derek alipotoka kwenda dukani nikachukua manati, jiwe na uzi. Jiwe la kwanza lilirudi kwangu. La pili sitaki kulieleza. La saba likapita kileleni! Waya umefuata, umezama kwenye majani, hata mimi siuoni. Tangu saa tano naita. Masafa yako wazi, nasikia Brazili, nasikia Ureno, wanaongea wao kwa wao.

Kuna mtu mlangoni. Nimechungulia. Ni Derek, ameshika bakuli lililofunikwa, na daftari jipya kwapani. Anagonga, anangoja, anagonga tena. Anataka nini huyu? Atanipotezea mchana mzima kwa maongezi.

Nimepunguza sauti ya redio na kukaa sakafuni, nisionekane kutoka nje. Nitafungua akishaondoka. Kwa sasa nakinyanyua kipaza sauti, nakisogeza karibu na mdomo, naita kwa kunong'ona: yeyote, yeyote anayenisikia.