Kincaid au Dupree: Wiki Niliyomnyang'anya Shemeji Wageni Wake

Jumanne, 13 Januari

Fainali ya vyuo ya mpira wa Kimarekani ni Jumatatu. Chuo chetu cha Chewalla hakijawahi kufika huko tangu nikiwa na nywele. Hapa Coker's Bend kila kitu kimevishwa zambarau, hadi pampu za petroli. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu uchaguzi sasa wanakumbatiana barabarani.

Asubuhi nilikuwa mgahawani kwa Opal, kama kawaida. Ubishi ulikuwa uleule: nani aanze kama mrushaji, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua amrushie nani. Mimi nasema Kincaid. Yuko mwaka wa nne, ametulia, hana papara. Ni kweli aliumia bega kwenye nusu fainali, lakini bega ni bega tu. Shemeji yangu Royce anasema Dupree. Huyo ni mtoto wa mwaka wa kwanza. Ana mbio za kulungu, na akili za kulungu vilevile.

Royce amemwoa dada yangu Verna, na kwa hilo anadhani amepewa leseni ya kunisahihisha. Leo aliniambia mbele ya meza nzima, "Shemeji, ungekuwa kocha wewe, tungekuwa bado tunachezesha marehemu."

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka kwamba mke wangu Nadine tulimzika Machi. Kicheko kikakatika, kila mtu akainamia kahawa yake. Royce peke yake hakuinama. Alinikazia macho akingoja nijibu. Nikamwambia marehemu angalau hawaangushi mpira kama Dupree. Meza nzima ikashusha pumzi. Opal akaniongezea uji wa mahindi bila kuulizwa.

Hata hivyo nimekasirika, na nimepata mpango. Kila mwaka watu huangalia mechi kubwa kwa Royce, na yeye hukaa katikati ya sebule kama hakimu. Mwaka huu wataangalia kwangu. Wote. Abaki na dada yangu na bakuli la karanga.

Jumatano, 14 Januari

Nimealika watu kumi hivi. Mbinu yangu: kila mmoja nilimwambia kwamba wengine wote wameshakubali. Safi kabisa.

Kosa dogo: nilisahau kwamba leo ni Jumatano, na Jumatano watu wote hula pamoja kanisani kabla ya maombi. Nilipoingia ukumbini na sahani yangu ya kuku nikawakuta wamekaa meza moja, wanalinganisha maneno. Nilitaka kurudi nje lakini mchungaji alikuwa ameshika mlango.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyekasirika. Opal aliuliza saa ngapi tu. Mwingine akauliza alete nini. Mchungaji akasema itakuwa vizuri kuona taa zikiwaka tena pale kwangu. Nikadhani Royce, aliyekuwa meza ya pili, atapasuka. Akasema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba hata hivyo televisheni yake imeharibika, kwa hiyo hana budi na yeye aje.

Televisheni imeharibika! Wiki ya fainali! Nimelala mapema kwa furaha.

Alhamisi, 15 Januari

Sasa nilitaka kuushinda pia ule ubishi wenyewe. Kocha bado hajasema nani ataanza. Saa za chakula cha mchana kuna kipindi cha michezo redioni, na kila mtu hapa hukisikiliza, hata wale wanaosema hawakisikilizi. Nikapiga simu. Nikajiita Daktari Whitfield, mtaalamu wa mabega kutoka Birmingham. Nilizungumza kupitia taulo, taratibu, kwa sauti nzito. Nikaeleza kwamba nimeziona picha za bega la Kincaid na ni bega la simba.

Mtangazaji alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante sana, daktari. Na ile mashine yangu ya kukatia nyasi itakuwa tayari lini? Iko kwako tangu Oktoba."

Ndiyo, natengeneza mashine za kukatia nyasi. Ndiyo, yake iko kwangu. Nilikata simu.

Aliyepiga baada yangu alikuwa Royce. Alisema kama daktari huyu anatibu mabega kama anavyotibu injini, basi Kincaid atacheza mwaka kesho kutwa, na skrubu moja itabaki mezani. Mji mzima ulisikia. Nilipokwenda kununua misumari, muuzaji alinionyesha goti lake.

Nimeghadhibika kiasi kwamba nilifagia nyumba nzima. Nikaosha madirisha. Nikabandua zulia nikalipiga nje mpaka jirani akatoka kuangalia. Nikila chakula cha jioni nikagundua kwamba sijafanya kazi namna hii tangu majira ya kuchipua. Halafu nikakumbuka ile skrubu, nikacheka peke yangu jikoni. Nikaacha mara moja. Sitaki kumpa Royce faida.

Jumamosi, 17 Januari

Nimepanga sebule. Viti vya kuazima kanisani vimeenea isipokuwa pembeni mwa dirisha, ambako kuna kiti cha Nadine.

Nadine hakuupenda mpira. Kila mechi alikaa pale akifuma, na kila baada ya muda aliinua kichwa na kuuliza, "Hao wa zambarau ndio sisi?" Miaka yote ya ndoa yetu. Mwanzoni nilidhani anatania. Baadaye nikadhani anasahau. Sasa sijui. Labda alitaka tu nigeuke nimtazame.

Nilikusudia kukipeleka kiti gereji. Nilikiinua mara moja, nikakirudisha. Blanketi lake bado liko mgongoni mwa kiti. Nikajiambia kiti kile ni kizito na mgongo wangu ni mbovu. Si kizito.

Mtu yeyote akikikalia Jumatatu, sijui nitafanya nini. Hilo sikulifikiria nilipoalika watu. Mipango yangu mingi ina tabia hiyo.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya ibada nilikwenda kwa dada Verna kuazima sufuria kubwa. Royce alikuwa ametoka kwenda kununua kuni. Nilipita mlango wa nyuma kama ninavyofanya siku zote, nikaingia sebuleni.

Televisheni ilikuwa inawaka. Picha safi, sauti safi. Mbele ya televisheni, juu ya kiti cha Royce, palikuwa na jezi ya zambarau imepigwa pasi. Namba ya mgongoni ni ya Kincaid.

Nilisimama pale kama aliyekuta chui jikoni. Verna akatoka na sufuria mikononi, akaiona sura yangu, akaketi. Nikamuuliza hii ni nini. Akasema ni jezi. Nikamwambia naona ni jezi. Nikamuuliza, Royce si mtu wa Dupree?

Aliiweka sufuria sakafuni. Halafu akaniambia, "Royce hajawahi kumtaka Dupree hata siku moja. Kila usiku anapiga magoti anamwombea Kincaid bega. Lakini wewe ulisema Kincaid, ndiyo maana yeye akasema Dupree."

Sikuelewa. Akaeleza taratibu, kama anavyonieleza tangu utotoni. Baada ya mazishi nilikuwa sitoki. Waliniletea chakula kikaoza mlangoni. Mchungaji alikuja, sikufungua. Wote walikuja na maneno laini na yote yaliniteleza. Ndipo Royce akaja akasimama chini ya dirisha langu na kupaza sauti kwamba Kincaid amekwisha, afadhali auze viatu. Mimi nikatoka na nguo za kulalia kumjibu.

Hilo nalikumbuka. Nilidhani alikuwa anapita tu.

"Alirudi hapa akaniambia akikubaliana na wewe utabaki ndani, akikubishia utakuja kwa Opal," Verna alisema. "Basi amekubishia tangu siku hiyo. Weldon, ndugu yangu, mwenzio amechoka. Hampendi kabisa yule mtoto."

Kumbe na televisheni ilikuwa uongo. Royce aliposikia nimealika watu, aliwazungukia mmoja mmoja kuwaomba wakubali. Ndiyo maana hakuna aliyekasirika.

Nilichukua sufuria. Nikakaa kwenye pikapu mbele ya nyumba yao bila kuwasha injini. Kwanza nilifikiri juu ya mtu mzima anayeamka kila asubuhi kwenda kutetea jambo asiloliamini, mbele ya watu, akichekwa, kwa ajili ya kaka wa mke wake. Mimi nisingemfanyia mtu yeyote hivyo. Pengine Nadine.

Kisha likanijia jambo la pili. Kama Royce anamtaka Kincaid, basi nilikuwa sahihi siku zote, na yeye alijua. Nikawasha injini nikiwa na furaha kubwa na hasira kidogo.

Verna aliniapisha nisimwambie Royce kwamba najua. Nimeapa. Ni mateso.

Jumatatu, 19 Januari

Niliwasha moto wa nyama alfajiri. Bega zima la nguruwe, ndani ya pipa la moshi. Royce alikuja kabla ya jua kupanda, bila kualikwa, kuja kuniambia nyama yangu itakuwa mkaa. Alikaa mpaka mchana. Alisogeza kuni, nikazirudisha, akazisogeza tena. Alisema kwamba Dupree ana mkono wa dhahabu. Nilimtazama usoni aliposema. Mtu huyu anadanganya vibaya sana. Sikio linamgeuka jekundu. Sijui nilikosaje kuliona.

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia anaziba moshi.

Jumanne, 20 Januari

Niandike yote kabla hawajaanza kuyapotosha kwa Opal.

Watu walijaa jana jioni. Royce aliingia wa mwisho na nikaona amebeba kiti chake cha kukunja kutoka nyumbani. Alikipita kiti cha dirishani, akakunjua chake sakafuni mahali pabaya kabisa, nyuma ya taa, ambako nusu ya televisheni haionekani. Hakuna aliyekaa kwenye kiti cha Nadine usiku ule. Kila aliyeingia alikizunguka kama mtu anavyomzunguka aliyelala.

Kisha timu zikatoka, na mtangazaji akasema anayeanza ni Dupree.

Nilimgeukia Royce. Uso ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu mbaya. Halafu akakumbuka kwamba alitakiwa kufurahi. Akainua mikono juu, taratibu, akasema, "Haya sasa. Si niliwaambia?" Sijaona sherehe ya huzuni kama ile.

Na mtoto akacheza. Sitaki kuandika hivi lakini hii ni shajara yangu. Alirusha mipira iliyopita katikati ya mabeki wa wapinzani wetu kutoka Ohio kama uzi kwenye sindano. Alipobanwa alikimbia. Hadi mapumziko tulikuwa mbele. Wapinzani wakarudi, wakatupita, na dakika za mwisho mtoto huyo akaupeleka mpira uwanja mzima na kuuvusha mstari wa goli yeye mwenyewe, amebebwa na watu wawili wasiotaka kumwachia. Tukashinda.

Watu walirukaruka mpaka picha ukutani zikapinda. Opal alilia. Royce alinijia, akasimama mbele yangu, na kila mtu akangoja anitambie. Alikuwa ameshinda ubishi ambao alitamani ashindwe, na ndani ya sweta, kwenye kola, nilikiona kipande cha jezi ya Kincaid.

Hapo ndipo nilipaswa kumshika mkono, kumwambia najua, kumwambia kwamba ameniokoa. Maneno yalikuwepo mdomoni. Nilivuta pumzi.

Nikamwambia, "Kincaid angeshinda kwa tofauti kubwa zaidi."

Macho ya Royce yalijaa maji, nadhani ni ule moshi wa nyama. Akasema, "Shemeji, wewe ni mgonjwa." Akachukua sahani, akajiongezea nyama. Ilikuwa nzuri. Hata yeye alikula mara tatu.

Walipoondoka nilikaa peke yangu kati ya viti vya kanisa. Kwa mara ya kwanza nyumba haikunitisha.

Ijumaa, 23 Januari

Msimu umekwisha. Dada Verna alipiga simu asubuhi: Royce amekaa tu nyumbani tangu juzi, anaangalia dirishani, anakula kidogo. Hana cha kubishania. Anajisikia vibaya kwa ajili ya Kincaid na hawezi kumwambia mtu.

Nikavaa kofia nikaenda. Nilipanga kumpa maneno ya upole. Nilitayarisha sentensi njiani, nzuri kabisa, ya shukrani. Nikafika, akafungua mlango, nikaona ndevu zake hazijanyolewa, na sentensi ikayeyuka.

Nikamwambia nimekuja kumjulisha kwamba nimebadili mawazo. Dupree ndiye mrushaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa zambarau, na Kincaid afadhali auze viatu.

Royce alinyooka kama aliyemwagiwa maji. Akaniita msaliti. Akasema Kincaid ana akili kuliko familia yangu yote, akimtoa Verna. Tulibishana mlangoni, tukabishana jikoni, tukabishana hadi Verna akatutoa nje na chai yetu. Royce alikuwa mwekundu mwenye afya. Alikula mayai manne.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikajiambia kwamba sasa yametosha. Nimejifunza. Hakuna tena hila, hakuna ujanja, nitaishi na watu kwa ukweli.

Lakini nimekaa nafikiri. Mazoezi ya timu huanza Aprili, na mpaka hapo ni mbali sana kwa mtu kukaa bila ubishi. Kesho nitamnong'oneza Opal kwamba kuna kocha mmoja wa Texas anamtaka Dupree, na kwamba nimeyapata kwa mtu mkubwa nisiyeweza kumtaja. Opal ataniahidi hatamwambia mtu. Saa nne asubuhi Royce atakuwa nayo.

Hakuna atakayenishuku.