Bomba Lililotengenezwa Kabla ya Fomu

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Nishani ya Klabu ya Maendeleo ya Vijana inautangazia umma kwamba, katika miaka sita ya uhai wake, haijawahi kumvika Nishani ya Dhahabu mtu asiyestahili. Wapo wenye midomo wanaoongeza kwamba haijawahi kumvika hata anayestahili. Mimi ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Nimepekua majalada yote na sijapata hoja ya kuwajibu.

Nishani zetu ni za ngazi nne: Mwanzo, Shaba, Fedha na Dhahabu. Kijana anaanzia chini. Anajifunza kazi ya mikono, anawatumikia watu wa mtaani kwake, anatembea kwa miguu kutwa nzima, na anamsikiliza mtu kwa dakika kumi bila kumkata kauli. Kila zoezi lina fomu, na kila fomu ina nakala tatu. Vijana walileta jasho, sisi tukaleta mhuri. Kila upande ulitoa ulichokuwa nacho.

Wajumbe tulikuwa watatu. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hufungua kila kikao kwa kutuomba tuwe wafupi, na ombi hilo humchukua dakika arobaini. Mtunza Stoo ndiye mwenye funguo za kabati la nishani, na kwa kuwa hofu yake kubwa ilikuwa nishani kuisha, alipinga kila pendekezo la kuzitoa. Wa tatu ni mimi, niliyeandika Mwongozo wa Klabu, kurasa sitini na mbili. Kusema kweli niliunakili kutoka makao makuu, lakini mwandiko ni wangu.

Sasa nije kwa Spana.

Spana ni binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na ukumbi wetu. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hatembei bila spana mkobani, kama wengine wasivyotembea bila kitana. Alipata Mwanzo, akapata Shaba, kisha akaganda hapo mwaka mzima kutokana na umakini wetu. Chuo cha ufundi kilikuwa na nafasi moja ya kusomea ufundi bomba kwa kijana mwenye Dhahabu, na maombi yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi ule.

Asubuhi moja aliingia ofisini akaniamkia, akaniwekea mezani barua ya muuguzi wa zahanati. Barua ilisema kwamba bomba la chumba cha kufungia vidonda lilivuja kwa miaka miwili, hadi wagonjwa wakawa wanateleza sakafuni, na kwamba Spana amelitengeneza kwa siku tatu, akabadilisha pia koki kuu. Tena amewafundisha wasichana kumi na mmoja wa mtaani kazi hiyo hiyo. Spana aliomba saa alizofanya kazi hiyo zihesabiwe kwa ajili ya Fedha.

Niliisoma mara mbili. Ilikuwa barua nzuri yenye kasoro moja kubwa: kazi ilikuwa imekwisha. Mwongozo, ukurasa wa kumi na tisa, unamtaka kijana ajaze Fomu ya Kusudio siku kumi na nne kabla ya kugusa kitu chochote. Spana aligusa kwanza. Kiutaratibu, msaada ule haukuwa umetokea.

Nilimweleza kwa upole. Akaniuliza kama hali hiyo ina dawa. Nikalipeleka suala kikaoni, na baada ya majadiliano ya kina na birika mbili za chai, tuliamua kwa kauli moja kwamba dawa ipo. Bomba lirudishwe kwenye hali yake ya awali, yaani livuje. Spana ajaze fomu, zipite siku kumi na nne, kisha alitengeneze mbele ya Kamati.

Niliona ni uamuzi wa busara. Hata leo nikiutazama uamuzi wenyewe, bila kulitazama bomba, naona una mantiki.

Tulikwenda zahanati, Mwenyekiti mbele, mimi na jalada, Mtunza Stoo na nyundo aliyoiazima, Spana nyuma yetu. Muuguzi alikuwa anamfunga mzee mmoja bandeji mguuni. Mwenyekiti akaanza kumweleza juu ya maslahi mapana ya vijana. Muuguzi hakuinua kichwa. Alimaliza kufunga, akanawa mikono kwenye bomba lile lile, akalikaza kwa vidole viwili. Halikudondosha hata tone.

"Mmekuja kuliharibu?" akauliza.

"Kulirejesha," Mwenyekiti akamsahihisha.

"Atakayeligusa nitamfunga bandeji mwili mzima. Na fomu nitamjazia mwenyewe."

Kamati ilizingatia maoni ya mdau na kuondoka kwa mwendo wa kasi.

Njiani Spana alitembea nyuma yetu akihesabu siku kwa vidole. Nilitarajia alie au atutukane, na kwa yote mawili tuna fomu. Lakini alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi naweza kusubiri. Chuo hakisubiri."

Niliyaandika maneno hayo kwenye muhtasari, chini ya Mengineyo. Ila nilipofika nyumbani niliutoa muhtasari, nikayasoma tena maneno hayo kabla ya kula.

Kesho yake alikuja mama yake Spana, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakupandisha sauti. Alisema ametushonea sare miaka yote sita, na hajawahi kumwambia mteja akaichane upya suruali kwa sababu iliungwa kabla haijaandikwa daftarini. Kisha akauliza kati yetu watatu nani mwenye Dhahabu, ili binti yake akamwone amweleze aliipataje. Mwenyekiti akajibu kwamba swali hilo liko nje ya ajenda. Mama akasema sawa, atalipeleka penye ajenda. Akaaga, akavuka barabara, akarudi kwenye cherehani yake.

Tulimchukulia poa. Siku nane baadaye akatufikia Mkaguzi wa makao makuu, mama mfupi aliyevaa raba, mkononi ana barua yenye mwandiko ulionyooka kama mshono.

Tulimpokea inavyostahili. Majalada yalipangwa kwa rangi, mihuri mitatu ikawekwa juu ya kitambaa. Mkaguzi hakufungua jalada hata moja. Aliuliza swali lile lile la fundi cherehani: nani kati yetu ana Dhahabu? Nikaipanga upya mihuri. Fedha je? Nikaipanga tena. Shaba? Mtunza Stoo akakohoa. Mwanzo? Mwenyekiti akatazama dirishani.

Ndipo akaomba Mwongozo, akaufungua ukurasa wa nne, akanipa mimi nisome kwa kuwa mwandiko ni wangu. Nikasoma, tena kwa vituo: "Hakuna mtu atakayempima kijana kwa ngazi ambayo yeye mwenyewe hajaifikia." Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na sentensi hiyo, ingawa niliiandika.

Mwenyekiti alisimama kufafanua. Alieleza kwamba uzoefu wa mtu mzima ni nishani tosha, na kwamba yeye alisimamia gwaride mwaka ambao Mkaguzi bado alikuwa shule. Mkaguzi akamsikiliza dakika kumi kamili bila kumkata kauli, kisha akatazama saa yake. "Asante," akasema. "Hilo zoezi mimi nimelipita tena. Sasa twende kwenye bomba."

Kwa kuwa yeye alikuwa na Dhahabu yake kifuani, imechakaa kingo, hakuna aliyeweza kumzuia. Kule zahanati hakuomba fomu. Alifungua bomba, akalifunga, akapapasa chini kwa kiganja kutafuta unyevu. Akamwomba Spana awaite wasichana aliowafundisha. Walikuja saba, wengine walikuwa sokoni. Akawaambia wafunge koki kuu, walifungue bomba lote na kulirudisha, Spana akiwa amesimama mbali mikono nyuma. Walifanya hivyo huku wakibishana wao kwa wao juu ya kampira ka ndani, na mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na minne.

Mkaguzi alimthibitishia Spana pale pale Mwanzo na Shaba tulizotoa bila sifa ya kupima, akatoa Fedha kwa lile bomba na Dhahabu kwa wale wasichana, maana ngazi ya juu kabisa ni kumwachia mwenzako unachokijua. Tuliporudi ofisini kuchukua nishani, kufuli la kabati lilikataa. Lilikuwa halijafunguliwa muda mrefu, likashika kutu. Ikabidi Spana alegeze bawaba za mlango ili apewe cha kwake. Maombi yake yalifika chuoni siku nne kabla ya mwisho, na akakubaliwa.

Mama yake alifunga kibanda mchana ule, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alisimama mlangoni kwetu akiishika ile nishani, akaigeuza upande wa nyuma kuangalia pini yake kama imeshikiliwa vizuri, halafu akageuka ukutani akajifuta macho kwa tepu ya kupimia.

Hapa ndipo Kamati inapofikia tangazo lake kuu. Kwa hiari yetu wenyewe, na kwa maelekezo ya maandishi ya Mkaguzi, wajumbe wote watatu tumejiunga na ngazi ya Mwanzo. Mpimaji wetu, hadi chuo kitakapofunguliwa, ni mwenye Dhahabu pekee katika eneo hili.

Mwenyekiti amerudia zoezi la kusikiliza mara nne. Rekodi yake ni dakika moja na sekunde ishirini. Mtunza Stoo amepasua malengelenge katika matembezi ya kutwa, lakini amefika, na tangu hapo anamsimulia kila mtu njia nzima.

Mimi nilipangiwa bomba la shule ya msingi. Nilijiandaa kuliko wote. Nilimkabidhi Spana Fomu ya Kusudio, nakala tatu, pamoja na mchoro wa rangi. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazibana kwapani, akaomba kuliona bomba. Tukaenda, nikalifungua na kulifunga kwa kufuata mchoro. Bado lilikuwa linadondosha.

Nilianza kumweleza kwamba kwa mujibu wa mchoro lilipaswa kuwa limekauka. Akapindua ndoo, akaketi juu yake, akaninyooshea spana yake.

"Fungua tena, mzee. Pole pole. Mimi sina haraka."

Nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya ofisini. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka na vikombe vyao, wakajipanga mstari mrefu mgongoni kwangu. Miaka yote foleni zimenisubiri, na sijawahi kuzisikia zikipumua. Mtoto wa mbele kabisa akaniuliza kama nitachukua muda.

Nikamwambia sijui, akakumbatia kikombe chake, na mimi nikaanza upya kulegeza nati.